Kagua Pindo Kabla ya Kununua: Mwongozo kwa Wauzaji wa Magauni ya Mitumba Madogo

Wafanyabiashara wa nguo za mitumba katika wadi ya Madogo wanaweza kupunguza hasara na kupata bei bora iwapo watazoea jambo moja: kukagua pindo la gauni kabla ya kulinunua, na kulitengeneza ipasavyo kabla ya kulitundika kibandani. Pindo ni sehemu ndogo ya nguo, lakini ndiyo huburutwa chini, hukanyagwa na viatu na hulowa matope. Ndiyo pia huamua urefu wa gauni, na katika soko la Madogo urefu ni sehemu kubwa ya bei.

Makala haya yanaeleza namna ya kutambua gauni la zamani lenye thamani, mambo ya kuangalia katika pindo lake, njia za kulirekebisha, na wakati ambapo ni heri kuliacha lilivyo.

Kwa nini Madogo

Madogo iko kando ya Mto Tana, ng'ambo ya daraja linaloelekea mji wa Garissa, kwenye barabara kuu inayotoka Nairobi kupitia Mwingi. Nafasi hiyo huwapa wauzaji njia mbili za kupata bidhaa: masoko ya Garissa kama Soko Mugdi, na Gikomba jijini Nairobi, ambako marobota ya mitumba hufunguliwa na kugawanywa.

Kila nguo inayofika Madogo imeshalipiwa nauli na mzigo. Gharama hiyo hupanda zaidi barabara inapoharibika. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023, na tena ya Aprili 2024, yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa, watu na mizigo wakalazimika kuvushwa kwa boti. Kwa muuzaji mdogo mwenye mtaji wa shilingi elfu chache, gauni linalokaa kibandani mwezi mzima bila mnunuzi ni pesa iliyofungwa, na hatakuwa nayo siku robota jipya litakapofunguliwa.

Wateja wengi wa eneo hili, kina mama na wasichana, hutafuta gauni la stara linalofika kwenye kifundo cha mguu. Hata hivyo, magauni mengi yanayotoka Ulaya na Marekani yalikatwa yaishie kwenye goti au katikati ya muundi. Hapo ndipo pindo linapokuwa mali. Gauni lililopungua sentimita tano tu linaweza kukataliwa na wateja kumi, ilhali sentimita hizo tano huenda zimekunjwa ndani ya pindo lake, zikisubiri kufumuliwa.

Gauni la zamani lenye thamani ni lipi

Katika lugha ya mitumba, nguo inayochaguliwa kwanza robota linapofunguliwa huitwa kamera, na zinazobaki mwisho huitwa fagia. Gauni la zamani, yaani lililoshonwa miaka thelathini au zaidi iliyopita, mara nyingi huangukia kwenye fagia kwa sababu mtindo wake hauonekani kuwa wa kisasa. Muuzaji anayejua kulitambua hulipata kwa bei ya chini, na siku hizi wapo wanunuzi wa mijini wanaotafuta nguo za aina hiyo hasa.

Dalili ya kwanza ni lebo. Lebo iliyoandikwa kuwa nguo ilitengenezwa Ujerumani Magharibi inaonyesha kuwa ilishonwa kabla ya Oktoba 1990, wakati nchi hiyo na Ujerumani Mashariki zilipoungana. Magauni ya Marekani yenye lebo ndogo ya chama cha wafanyakazi wa nguo za kike, yenye herufi ILGWU, yalishonwa kabla ya chama hicho kuunganishwa na kingine mwaka 1995. Alama ya CC41 kwenye nguo ya Uingereza ni ya miaka ya 1941 hadi 1952, kipindi cha vita na uhaba wa vitambaa. Maelezo ya namna ya kufua yalianza kuwa lazima kwenye nguo nyingi Marekani mwaka 1972, kwa hivyo gauni la huko lisilo na maelezo hayo kabisa huenda ni la kabla ya hapo, mradi lebo haijakatwa.

Dalili ya pili ni zipu. Zipu ya chuma kwenye gauni jepesi la kike mara nyingi huashiria nguo iliyoshonwa kabla zipu za nailoni hazijaenea, kuanzia miaka ya 1960. Dalili ya tatu ni pindo lenyewe. Mafundi wa zamani waliacha pindo pana la sentimita tano hadi nane, wakalishona kwa mkono ili lisionekane upande wa nje. Magauni mengi ya kiwandani ya leo yana pindo la sentimita moja au mbili, kwa kuwa kila sentimita ya kitambaa ni gharama.

Ukaguzi wa dakika tatu

Robota linapofunguliwa kuna msukumano, na muuzaji hana muda mrefu. Hatua zifuatazo zinaweza kufanywa kwa dakika chache akiwa amesimama.

Kwanza, geuza gauni ndani nje na ulishike kwa pindo, si kwa mabega. Zungusha pindo lote mkononi hadi urudi ulikoanzia. Watu wengi huangalia mbele tu, ilhali pindo huchakaa zaidi nyuma, pale kisigino kinapokanyaga.

Pili, pima upana wa pindo. Asiye na futi ya kushonea anaweza kutumia vidole: kwa mtu mzima, upana wa vidole vitatu vilivyobanwa pamoja hukaribia sentimita tano. Muuzaji apime vidole vyake mara moja nyumbani ili ajue kipimo chake mwenyewe.

Tatu, inua pindo kwenye mwanga wa jua. Kitambaa kizima hupitisha mwanga kwa usawa. Palipochakaa huonekana pamefifia kama chujio, na matundu ya nondo huonekana kama nyota.

Nne, shika kitambaa karibu na pindo kwa vidole vya mikono miwili, uvute polepole. Kikitoa sauti ya kuchanika au nyuzi zikaanza kuachana, kitambaa kimeoza. Hariri ya zamani ina ugonjwa wake: hukatika yenyewe kwenye mikunjo kama karatasi kavu. Hakuna fundi anayeweza kuitibu, kwa sababu kila tundu la sindano huanzisha mpasuko mpya. Gauni la namna hiyo liachwe.

Tano, tafuta alama za marekebisho ya awali. Mstari wa matundu madogo ya sindano, mikunjo miwili inayofuatana, au uzi wa rangi tofauti na mishono mingine, vyote huonyesha kwamba pindo limewahi kupandishwa au kuteremshwa. Hilo si kasoro kubwa, lakini hupunguza kitambaa kilichobaki cha kufanyia kazi.

Sita, linganisha rangi. Fungua pindo kidogo uone rangi ya ndani, ambayo haikupigwa na jua. Ikiwa nje kumechujuka sana kuliko ndani, pindo likiteremshwa litaacha ukanda wa rangi nyingine chini ya gauni. Jambo hili ndilo huwashangaza wengi baada ya kazi yote kufanyika.

Mwisho, angalia bitana, yaani kitambaa cha ndani, ikiwa gauni linayo. Bitana ya kawaida huwa na pindo lake peke yake, fupi kuliko la nje kwa sentimita mbili au tatu. Ikiwa bitana imeshonwa pamoja na kitambaa cha nje huku gauni likijivuta na kukunjamana, huenda moja kati ya vitambaa hivyo lilifupika lilipofuliwa.

Jua kitambaa kabla ya kushika pasi

Marekebisho mengi huharibika kwenye pasi. Pamba na kitani huvumilia moto mkali. Sufi na hariri huhitaji moto wa wastani na kitambaa chepesi juu yake. Nailoni na vitambaa vingine vya viwandani huyeyuka au kung'aa vibaya pasi ikiwa na moto mwingi. Anayetumia pasi ya makaa, ambayo haina kipimo cha joto, aijaribu kwanza sehemu ya ndani ya pindo isiyoonekana.

Lebo ikiwa imekatwa, nyuzi mbili tatu zilizochomolewa ndani ya pindo zinaweza kutoa jibu. Zishikwe kwa kibanio cha chuma na kuchomwa juu ya bakuli la maji, nyumbani, mbali na nguo nyingine. Kamwe si sokoni katikati ya vibanda. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufi na hariri hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika kwa vidole. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu kikipoa.

Kitambaa cha reyoni, kilichopendwa sana kwa magauni ya maua ya miaka ya 1940, hupoteza nguvu kikiwa kimelowa. Kisikamuliwe kwa kusokotwa wala kutundikwa kikiwa kizito kwa maji, kwani uzito huo utakivuta na pindo litakauka likiwa limepinda.

Kuteremsha pindo

Hii ndiyo kazi inayoleta faida zaidi Madogo. Chukua mfano wa gauni lenye pindo la sentimita sita, pamoja na sentimita moja iliyokunjwa ndani. Jumla ya kitambaa kilichofichwa ni sentimita saba. Likishonwa pindo jembamba jipya linalotumia sentimita mbili, gauni hurefuka kwa sentimita tano.

Mwenye kuhitaji urefu zaidi anaweza kushona pindo la bandia. Mshipi wa kitambaa kingine chepesi cha pamba huunganishwa kwenye ukingo wa gauni kwa mshono wa sentimita moja, kisha hugeuzwa ndani na kushikizwa. Kwa njia hiyo gauni la mfano huo hurefuka kwa sentimita sita, na ukingo wake haufanyi uvimbe. Ikiwa sketi ni ya mviringo au imekatwa mshazari, mshipi huo nao ukatwe mshazari ili ufuate mzunguko bila kuvuta.

Kazi ianze kwa kufumua. Kata uzi kila baada ya mishono mitatu au minne kwa mkasi mdogo au wembe ulioshikwa kwa uangalifu, kisha uvute. Kuchana kwa nguvu hutoboa kitambaa cha zamani. Pindo likishafunguka, piga brashi vumbi lililojikusanya ndani, kisha fua gauni kabla ya kupiga pasi. Ukipiga pasi juu ya uchafu, utaubandika doa lisilotoka.

Alama ya mkunjo wa zamani ikibaki, kitambaa kilicholowekwa kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiwekwe juu ya mstari huo na kupigwa pasi. Kwanza jaribu mahali pasipoonekana. Mara nyingi mkunjo hulegea. Lakini ikiwa mstari ni wa rangi iliyochujuka au nyuzi zilizosagika, siki haitasaidia. Dawa yake ni kuufunika: utepe, lesi, au mistari miwili mitatu ya mishono ya mapambo inayozunguka gauni lote. Mteja akiona pambo lililokaa sawasawa, hataona kasoro.

Gauni linaloweza kurefushwa kwa kipande kingine chini, kwa mfano kitenge au lesi pana, hupata mnunuzi haraka. Kipande hicho kifuliwe kwanza. Kitambaa kipya cha pamba hufupika kinapofuliwa mara ya kwanza, na kikishonwa bila kufuliwa kitalikunja gauni lote chini.

Magauni yenye mikunjo iliyopigwa kiwandani yasiteremshwe. Mikunjo ile iliwekwa kwa joto kali, na sehemu iliyokuwa ndani ya pindo haitalingana na iliyo juu yake.

Kusawazisha

Pindo lililopinda huonekana kutoka mbali kuliko pindo lililofumuka. Gauni livaliwe na mtu aliyesimama wima, kisha urefu upimwe kutoka sakafuni kwenda juu kwa rula, na alama ziwekwe kwa chaki kuzunguka pande zote. Kupima kutoka kiunoni kwenda chini hudanganya, kwa kuwa nyonga za mtu hazilingani mbele na nyuma.

Sketi ya mviringo au iliyokatwa mshazari itundikwe usiku na mchana, saa 24, baada ya kufumuliwa na kabla ya kupimwa. Vitambaa hivyo hujivuta vyenyewe kwa uzito wake. Anayeshona siku hiyohiyo ataona pindo limepinda baada ya wiki moja, na mteja ataona vilevile.

Kila kitambaa na mshono wake

Gauni la zamani lililoshonwa kwa mkono lirudishwe kwa mkono. Mshono wa kuficha hufanywa hivi: sindano inashika uzi mmoja au miwili tu ya kitambaa cha nje, kisha inapita ndani ya mkunjo kwa takriban sentimita moja, na kurudi tena kushika. Uzi usivutwe kwa nguvu. Ukivutwa, vishimo vidogo hutokea upande wa nje, na thamani ya gauni hushuka papo hapo.

Kitambaa cha pamba au kitani cha kila siku kinaweza kupigwa cherehani, mshono wa milimita mbili hadi mbili na nusu. Sindano namba 70 hufaa kitambaa chepesi, na namba 80 au 90 cha wastani. Sindano butu huvuta nyuzi. Ibadilishwe mara inapoanza kutoa sauti ya kugonga.

Vitambaa laini vinavyoteleza, kama shifoni, hutaka pindo jembamba la kuviringisha, lenye milimita tatu hadi tano. Pindo pana huvifanya vizito na kuvikunja. Vitambaa vya kunyumbuka vishonwe kwa zigzagi au oveloki, kwa sindano yenye ncha ya mviringo inayosukuma nyuzi badala ya kuzikata. Mshono wa kawaida ulionyooka hukatika mvaaji anapopiga hatua ya kwanza ndefu.

Mapindo mengi ya kiwandani hushonwa kwa mshono wa mnyororo, ambao ukivutwa upande mmoja hufumuka wote. Ukiona uzi unaning'inia, usiuvute. Upitishe ndani kwa sindano, ufunge fundo, kisha ushone mahali palipoachia. Ni kazi ya dakika tano inayookoa gauni zima.

Uzi usiwe na nguvu kuliko kitambaa. Uzi mnene wa poliesta kwenye pamba iliyochakaa hufanya kazi kama kisu: kukitokea mvutano, kitambaa ndicho hukatika. Uzi mwembamba wa pamba unafaa zaidi kwa nguo nzee, kwa sababu uzi ukikatika hushonwa tena.

Wakati wa kupandisha pindo, kwa mfano kuondoa ukingo uliochakaa, ziada ikunjwe ndani badala ya kukatwa kila inapowezekana. Mnunuzi anayefuata anaweza kuuhitaji urefu huo. Utepe wa asili wa pindo, ukiwa mzima, urudishwe pale pale. Wakusanyaji wa nguo za zamani huuangalia.

Tope la mto na ukungu

Wakati wa masika na vuli, nguo nyingi za Madogo hupata tope la Mto Tana, ambalo ni laini na hupenya ndani ya mikunjo ya pindo. Tope hilo likauke kabisa kwanza, kisha lipigwe brashi. Kulisugua likiwa bichi hulisukuma ndani ya nyuzi. Baada ya hapo nguo ilowekwe kwenye maji baridi na sabuni, na pindo lifunguliwe ikiwa uchafu umenasa ndani.

Nguo zilizofungiwa mfukoni zikiwa na unyevu huota ukungu, na pindo, kwa kuwa ni la tabaka mbili au tatu, hukauka mwisho. Nguo zenye ukungu zitengwe na nyingine, zianikwe juani na kupigwa brashi nje ya nyumba, huku anayefanya kazi hiyo akiwa amefunika pua na mdomo. Rangi nyeti zisikae juani siku nzima. Nguo iliyolowa maji ya mafuriko ifuliwe kwa sabuni na maji safi kabla ya kuuzwa, kwani maji hayo huchanganyika na taka na maji ya vyoo.

Hesabu kabla ya sindano

Si kila gauni linastahili kutengenezwa. Kipimo ni kimoja: ongezeko la bei lazima liwe kubwa kuliko gharama ya marekebisho. Mfano ufuatao ni wa hesabu tu.

Tuseme gauni limenunuliwa kwa shilingi 200, na likiuzwa lilivyo litaleta shilingi 300. Faida ni shilingi 100. Likiteremshwa pindo linaweza kuuzwa kwa shilingi 500. Fundi anataka shilingi 100, na uzi na utepe ni shilingi 30. Faida sasa ni shilingi 170. Kazi inafaa.

Tuseme gauni la pili limenunuliwa kwa shilingi 100, na lilivyo litauzwa kwa shilingi 150. Likitengenezwa kwa gharama ileile ya shilingi 130 litauzwa kwa shilingi 230. Faida imekwisha yote, ilhali bila marekebisho kulikuwa na shilingi 50. Gauni hilo liuzwe lilivyo, au lipelekwe kwa fundi anayehitaji kitambaa cha nguo za watoto.

Anayejishonea mwenyewe asihesabu muda wake kuwa bure. Pindo la sketi pana likishonwa kwa mkono huweza kuchukua saa moja au zaidi. Kazi hiyo ifanywe kwa magauni ambayo mteja anaulizia, si kwa kila gauni lililo kibandani. Wanaopeleka nguo kwa fundi wapate nafuu kwa kupeleka kadhaa pamoja na kukubaliana bei mapema.

Kumweleza mteja ukweli

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari anazohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumweleza mnunuzi mambo ya uongo kuhusu bidhaa, kwa mfano kusema ni mpya ilhali imetumika. Kwa muuzaji wa magauni, maana yake ni nyepesi. Pindo lililorekebishwa litajwe. Gauni la jana lisiitwe la miaka ya sitini. Doa lililofunikwa kwa lesi lielezwe.

Maneno machache yanatosha: "Dada, hili limeongezwa urefu, mstari huu ndio wa pindo la zamani. Kitambaa ni kizima." Mteja aliyeambiwa ukweli hana sababu ya kurudi na malalamiko, na katika mji ambao watu wanajuana, jina zuri la kibanda huleta wateja wengine.

Ujuzi na vibali

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, masoko, leseni za biashara na vyuo vya ufundi vya vijiji ni majukumu ya serikali za kaunti. Wauzaji wanakumbushwa kuwa na kibali halali cha biashara, na kuuliza katika ofisi ya msimamizi wa wadi kuhusu nafasi za sokoni na mafunzo ya ushonaji. Vijana wanaojua cherehani wanaweza kujipatia kazi kwa kushirikiana na wauzaji wa mitumba: mmoja ananunua na kuuza, mwingine anatengeneza, na bei inakubaliwa kabla ya kazi kuanza.

Vifaa vya kuanzia si vingi. Futi ya kushonea, chaki, mkasi mdogo, pini, sindano za mkono za ukubwa tofauti, uzi wa rangi nne (mweusi, mweupe, kijivu na kahawia) na rula vinaingia kwenye mkebe mmoja. Kijivu hulingana na rangi nyingi kuliko inavyodhaniwa. Cherehani inaweza kungoja.

Safari ijayo ya kwenda kuchagua mitumba, muuzaji abebe futi mfukoni na aanzie chini ya gauni, si kwenye kola. Kwa gauni lenye kitambaa kizima, pindo pana na rangi isiyopishana ndani na nje, sentimita tano za faida ziko tayari ndani yake, na kazi iliyobaki ni ya kufumua na kushona.